Matuko Weye Alipokuja Kipkelion

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nadhani hawakuwa wamemfikiria mhusika wa riwaya. Kwao mhusika ni kurasani. Humo ndimo alimozaliwa, na humo ndimo msomaji anamomtembelea usiku, taa ikiwaka na wengine wamelala. Siku anapotolewa humo akapelekwa jukwaani au mbele ya kamera, huwa amekwenda ugenini. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanachama wenzangu hawachoki kulijadili: je, anayemchukua mhusika tumpendaye na kumfanya mtu wa jukwaa au wa filamu anawajibika kumtunza kwa kiasi gani?

Majibu mawili hutolewa. Wapo wanaoshikilia kwamba mhusika asibadilishwe hata ukucha: umbo lake, mavazi yake, maneno yake na hatima yake viwe vile vile alivyoviandika mtunzi. Wapo wengine wanaosema kwamba filamu ni filamu na kitabu ni kitabu, kwamba msanii wa pili naye ni msanii, na asiyeridhika na alichokiona akasome kitabu. Mimi nimewahi kuwa katika kambi zote mbili, na katika kila moja nilipata aibu yangu. Naomba msomaji anivumilie nieleze, kwa kuwa hoja niliyo nayo haikuanzia maktabani. Ilianzia katika ukumbi wa kulia chakula wa shule moja ya sekondari huko Kipkelion, mwaka 2015.

Wasioijua Kipkelion huidhani kuwa ni majani ya chai matupu, kwa kuwa jina la Kericho likitajwa watu huona mashamba ya kijani yasiyo na mwisho. Kwetu ni ukingoni mwa nchi hiyo ya chai. Chai ipo, lakini pia ipo kahawa, yapo mahindi na ng'ombe wa maziwa, na miteremko inashuka kuelekea Fort Ternan na nchi ya miwa. Mji wenyewe ulikua kando ya reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na wakati wa ukoloni stesheni yetu iliitwa Lumbwa. Nimeitaja stesheni kwa sababu babu yangu aliijua kuliko alivyoijua nyumba yake.

Babu huyo, ambaye sisi wajukuu tulimwita Kugo, aliandikishwa katika jeshi la Keya mwaka 1942. Mwaka 1944 alikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyowafuata Wajapani katika Bonde la Kabaw chini ya mvua kubwa mpaka ikafika Mto Chindwin. Alirudi na koti la jeshi, medali mbili, na akili isiyotulia. Radi ilipopiga, nayo kwetu hupiga alasiri nyingi, alituamrisha tuingie mvunguni mwa kitanda na yeye akasimama mlangoni kutulinda. Asubuhi aliwapanga mbuzi mstari mmoja akawakagua, na mbuzi aliyetoka mstarini alikemewa kwa Kiswahili cha Keya. Kila mwisho wa mwezi alivaa koti lake akateremka hadi stesheni kuulizia malipo ambayo, kwa maneno yake, Mfalme wa Uingereza alikuwa bado hajayatuma. Karani wa stesheni alimjibu kwa adabu kwamba labda garimoshi lijalo. Watu walimcheka. Alifariki mwaka 2005, nikiwa na umri wa miaka saba.

Nilipokuwa katika sekondari tulipewa kitabu teule cha riwaya, Kidagaa Kimemwozea, cha Ken Walibora, kilichochapishwa mwaka 2012. Wenzangu walimpenda Amani kwa subira yake na Imani kwa moyo wake. Mtemi Nasaba Bora tulimchukia sote, tena kwa raha kubwa. Mimi nilimpenda mtu ambaye hata si mhusika mkuu: Matuko Weye, askari mkongwe wa Vita Vikuu vya Pili, aliyerukwa na akili, ambaye huropoka hadharani mambo ambayo wenye akili timamu wa Sokomoko huyanong'ona, na ambaye hutiwa mbaroni kwa kuropoka huko. Nilizisoma kurasa zake mara nyingi. Kabla ya hapo sikuwa nimewahi kumkuta mtu wa nyumbani kwetu ndani ya kitabu.

Basi tulipotangaziwa kwamba kikundi cha maigizo kingekuja kutuigizia riwaya hiyo, na kwamba kila mwanafunzi atoe shilingi 100, nilizitoa siku hiyo hiyo. Alasiri ya maonyesho tulijipanga kwenye mabenchi pamoja na wanafunzi wa shule jirani. Mvua ilikuwa ikilipiga paa la mabati hata waigizaji wakalazimika kupaza sauti. Mengi waliyafanya vizuri. Mtemi alitembea kama mtu anayeikanyaga nchi iliyo mali yake, nasi tukamzomea inavyostahili.

Kisha akaingia Matuko Weye. Alivaa koti lililopita magoti, sufuria kichwani mahali pa kofia, kiatu mguu mmoja. Alipofungua kinywa, ukumbi ulilipuka, kwa kuwa alizungumza kwa lafudhi ya kwetu. Waliichukua namna tunayochanganya sauti za p na b, t na d, wakaikuza mara kumi, wakatuletea sisi wenyewe tuicheke. Lakini hata hilo ningelisamehe. Palipofika mahali pake penye uzito, pale anaposema, mwigizaji hakusema. Alitamka maneno matatu manne, akateleza akaanguka, askari wakaanza kumfukuza kuzunguka meza za chakula, naye akapita akanyakua kipande cha ugali kilichokuwa mezani pa walimu akakitia mdomoni. Mabenchi yalianguka kwa vicheko. Nami nilicheka. Nilicheka hadi machozi, kisha nikakumbuka ni nani ninayemcheka, na nilikuwa sijui niutazamishe wapi uso wangu.

Baada ya maonyesho nilimfuata mwigizaji yule nje, chini ya upenu, akijifuta masizi usoni. Alikuwa kijana, na macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu. Nilimwuliza kwa heshima kwa nini aliiacha hotuba. Alinitazama kwa muda. "Mdogo wangu," akasema, "hii ni shule ya tatu leo. Wanafunzi wakicheka, mwalimu mkuu hutuita mwaka ujao. Wakinyamaza, hudhani tumeshindwa." Sikuwa na jibu, wala sasa sina la kumlaumu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; lakini huyu hakulitia maji kwa kiburi. Alilitia kwa njaa.

Likizo ilipofika nilimsimulia bibi yangu habari hiyo. Kogo hakuwahi kusoma kitabu, lakini riwaya ile nilikuwa nimemsomea kwa vipande, nikimfasiria kwa Kikipsigis, na Matuko Weye alimjua. Alinisikiliza huku akisafisha kibuyu cha mursik. Sufuria ya kichwani haikumsumbua. Kiatu kimoja hakikumsumbua. Aliuliza jambo moja tu:

"Walipomkamata, alisema anadai nini?"

"Hakusema kitu, Kogo. Walimfukuza, watu wakacheka."

"Basi hakuwa yeye," akasema. "Babu yako walimcheka kila siku. Lakini hapakuwa na siku hata moja aliyokosa kusema anadai nini."

Maneno hayo niliyasikia nikayahifadhi bila kuyaelewa. Nilichokielewa wakati huo ni hasira yangu, na mwaka uliofuata hasira hiyo iliongezewa kuni. Maonyesho yale yalikuwa yamerekodiwa kwenye santuri ya video, na usiku wa kuamkia mtihani wa majaribio wenzangu waliitazama badala ya kufunua kitabu. Mmoja wao, mwanafunzi hodari, aliandika katika jibu lake kwamba Matuko Weye aliiba ugali. Mwalimu alimkata alama, naye akabishana hadi mwisho kwamba alimwona kwa macho yake. Na kweli alimwona. Hiyo ndiyo nguvu ya picha inayotembea: ikishaingia akilini, humfukuza yule mtu ambaye msomaji alikuwa amejiundia polepole kwa maneno. Kitabu humwacha kila msomaji na Matuko wake. Filamu huwapa watu wote mmoja. Kwa hiyo anayeishika kamera ameshika amana kubwa kuliko anavyodhani.

Niliingia chuo kikuu mwaka 2017 nikiwa mwanachama wa kambi ya kwanza. Katika insha yangu ya kwanza ya fasihi niliandika, kwa ukali wa ujana, kwamba kugeuza kitabu ni kunakili, na asiyeweza kunakili aache. Mhadhiri wangu hakunikaripia. Aliandika pambizoni jina moja tu, Liyongo, pamoja na alama ya kuuliza.

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa Fumo Liyongo ni nani, lakini wanisamehe nikumbushe njia aliyoipitia hadi akatufikia. Karne nyingi aliishi midomoni mwa watu wa pwani ya kaskazini, Pate na delta ya Mto Tana. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wake: shujaa mrefu wa ajabu, mshairi, anayefungwa gerezani, anayeletewa tupa ndani ya mkate na kijakazi Saada, anayeikata minyororo huku ngoma zikivuma nje, na ambaye mwishowe anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na anakufa katika hali hiyo. Na watu wa mji wanaogopa kuteka maji kwa siku kadha, wakimdhani yu hai.

Mwaka 2001 Kithaka wa Mberia alituletea tamthilia ya Kifo Kisimani. Ukiisoma ukitafuta nakala utakasirika. Liyongo hayumo, hata kwa jina. Yumo Mwelusi, mtu wa Butangi, anayepingana na mtawala aitwaye Bokono. Hana kimo cha kutisha. Pwani imeondoka. Lugha ni ya huru ya mwisho wa karne ya ishirini, na mambo yanayozungumzwa ni ya nchi iliyochoshwa na utawala wa mabavu. Kwa kipimo changu cha mwaka wa kwanza, Kithaka alikuwa amemwangamiza shujaa wetu. Hata hivyo nilipofika ukurasa wa mwisho nilijua kwa yakini nimekuwa na nani muda wote huo. Kisima kilikuwepo. Usaliti ulikuwepo. Na zaidi ya yote, lilikuwepo jambo ambalo Liyongo alilidai tangu hapo kale: kwamba mtawala anayemwogopa mtu kwa sababu watu wanampenda amekwisha kukiri kwamba kiti si chake.

Nikayaweka matukio mawili sambamba. Kikundi kilichokuja Kipkelion kilitunza jina la Matuko Weye, koti lake, wazimu wake na kukamatwa kwake, nacho kikampoteza. Kithaka aliacha jina, mahali, kimo na lugha, naye akampata Liyongo. Hapo ndipo maneno ya Kogo yaliponirudia. Mhusika tumpendaye ana sura, na sura hiyo inaweza kubadilishwa. Ana mkasa, na mkasa unaweza kufupishwa. Lakini pia ana dai: kitu ambacho amekuja ulimwenguni kukidai, kiwe haki, kiwe penzi, kiwe malipo au kusikilizwa tu. Ukimnyang'anya hicho, umebaki na koti.

Nilivuka basi nikaenda kambi ya pili, tena kwa furaha ya mtu aliyetoka kifungoni. Nikasema mwigizaji yu huru kabisa mradi alitunze dai. Nilimtaja Ebrahim Hussein, ambaye alipochapisha Kinjeketile mwaka 1969 alitahadharisha mapema kwamba Kinjeketile wa jukwaani asichukuliwe kuwa ndiye yule wa historia, aliyenyongwa na Wajerumani mwanzoni mwa Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Nilimtaja Julius Nyerere, aliyemfasiri Shakespeare na kuwafanya wafanyabiashara wa Venisi kuwa mabepari tangu kwenye jalada la kitabu. Hoja zangu zilikuwa nzuri. Aibu ya pili ilikuwa njiani.

Mwaka 2021 nilikwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja isiyo mbali na kwetu. Kufikia wakati huo Kidagaa Kimemwozea hakikutahiniwa tena; tangu mwaka 2018 riwaya teule ilikuwa Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Nakala kuukuu za Kidagaa zilikuwa zimejaa maktabani, zimekunjamana na kuandikwa pambizoni. Mwandishi wake, Ken Walibora, alikuwa amefariki Aprili 2020, na hakuwepo tena wa kumwombea Matuko Weye radhi. Nikaona huu ndio wakati wangu. Niliwakusanya wanafunzi wa chama cha Kiswahili tukaandaa igizo fupi la siku ya kufunga shule, na Matuko Weye nikamwandikia upya sehemu yake.

Nilimpa koti safi. Nilimwondolea wazimu karibu wote. Nilimsimamisha katikati ya jukwaa, nikampa hotuba ndefu yenye tafsida na takriri, na nikaamuru kusiwe na kicheko. Dai lake lilikuwepo, tena kwa sauti kubwa. Kijana aliyemwigiza alikuwa na kumbukumbu nzuri, akaikariri yote. Mazoezi mawili yakapita. Siku ya tatu binti mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa amesoma nakala ya maktabani, aliinua mkono.

"Samahani, mwalimu. Kwa nini Matuko wetu hachekeshi?"

Nikamwambia kwamba Matuko Weye si mtu wa kuchekwa.

"Lakini mwalimu, kitabuni nilicheka," akasema. "Nilicheka kwanza. Baadaye ndipo nikaogopa."

Nilitaka kumjibu, nikakosa la kusema. Alikuwa amekisoma kitabu kuliko mimi. Kwa miaka sita nilikuwa nimembeba Matuko Weye moyoni kama mtu anayebeba picha ya marehemu, na picha hiyo nilikuwa nimeipangusa hadi ikafutika. Nilikuwa nimesahau kwamba Kugo mwenyewe alichekesha. Mbuzi waliopangwa mstari walichekesha. Kogo alikuwa akicheka mpaka akaketi chini, kisha akanyamaza ghafla, akaingia jikoni. Watu wa kikundi kile walimtwaa Matuko wakanichukulia machozi yake. Mimi nilimtwaa nikamnyang'anya kicheko chake. Wao walifanya hivyo kwa ajili ya mkate. Mimi nilifanya kwa ajili ya mapenzi, na sina hakika kwamba kosa langu ni dogo. Mapenzi nayo yanaweza kumkata mtu vipande akabaki yule tu tunayemtaka.

Tuliuandika upya mchezo, safari hii pamoja na wanafunzi. Wazimu ukarudi. Hotuba ikapungua ikawa sentensi chache, na kila moja ikatanguliwa na upuuzi. Nilifanya pia jambo ambalo mimi wa mwaka wa kwanza asingelikubali: niliwasimulia habari za mbuzi wa babu yangu, nao wakaniomba tuzitie ndani. Ken Walibora hakuandika mbuzi wale. Siku ya kufunga shule kijana wetu alivipanga viti sita vya plastiki mstari mmoja, akavikagua kwa fimbo, akakikemea kiti cha mwisho kwa kutonyoosha mgongo. Wazazi walicheka. Wazee walicheka kuliko watoto, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amemjua mtu wa namna hiyo. Kisha akavigeukia viti akavisomea majina ya askari wasiorudi na malipo yasiyofika. Viti vilikuwa vitupu, na ukumbi ukawa kimya hata nikasikia kuku nje. Mzee mmoja aliyeketi nyuma alisema kwa sauti ndogo, "Iman," yaani kweli. Hakusema zaidi.

Nilikuwa nimemwongezea mhusika kisichokuwemo kitabuni, na bado nadhani siku ile alikuwa karibu na kwao kuliko alivyokuwa siku ile ya sufuria.

Sijaeleza haya ili nijisifu kwa igizo la dakika ishirini. Nimeyaeleza kwa sababu yalinifundisha namna ya kuitazama kazi kubwa kuliko yetu ilipokuja. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999 na kusomwa na vizazi vya wanafunzi wa Tanzania, ilifanywa filamu na Amil Shivji. Filamu hiyo ilionyeshwa Toronto Septemba 2021, na mwaka 2022 Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu za kimataifa, jambo ambalo nchi hiyo haikuwa imelifanya tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Kwa wapenzi wa Kiswahili hii ilikuwa sikukuu. Pia ilikuwa sababu ya ugomvi, maana kila aliyewahi kusoma riwaya ile ana Yasmin wake na Denge wake.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilikuwa na daftari, kwa mazoea ya zamani, nikihesabu yaliyokosekana. Yalikuwa mengi. Riwaya inamfuata Yasmin tangu anapoozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza wa miaka 52, inamvusha bahari hadi Mombasa na kumrudisha Unguja, inamkutanisha na wanaume kadha na kumfundisha kwa kila mmoja somo jingine. Filamu isiyofika saa mbili haiwezi kubeba safari hizo. Imeliweka katikati penzi la Yasmin na Denge, na nyuzi nyingine imezikata au imezifupisha. Mwenye kipimo cha herufi atasema riwaya imechinjwa.

Mara ya pili niliitazama bila daftari, nikijiuliza swali la Kogo. Yasmin anadai nini? Anadai asitolewe kama bidhaa, na aruhusiwe kukosea kwa hiari yake. Bado analidai. Denge anadai nini? Anadai nchi yake, na hataki kununuliwa hata kwa penzi. Bado analidai. Mwajuma, yule mwanamke maskini mwenye wimbo na mlango usiofungwa, ambaye katika filamu anaigizwa na mwimbaji Siti Amina, anadai haki ya kufurahi bila kumwomba mtu ruhusa. Naye pia yumo. Nilisikitika kwa yaliyoachwa, na nitaendelea kusikitika. Lakini nilipotoka sikuona aibu niliyoiona chini ya upenu wa ukumbi ule.

Najua mtu ataniuliza: ni nani aliyekupa mamlaka ya kuamua mhusika anadai nini? Wewe umeona hivi, mwingine ataona vile. Swali hilo ni la haki, na yule binti wa kidato cha tatu ndiye aliyenifunza kuliogopa. Sina jibu la kufunga mjadala. Ninalo jaribio tu. Mwondoe mhusika jina na mavazi, kisha mweke mtu mwingine mahali pake. Ikiwa igizo au filamu haitetereki, basi mhusika alikuwa ameshaondoka kabla hujamwondoa. Yule mtu wa sufuria angeweza kuwa mlevi yeyote, mpishi yeyote, chizi yeyote wa vichekesho vya televisheni, na vicheko vingekuwa vile vile. Mwelusi huwezi kumbadilisha na mtu mwingine. Na jaribio hili humpima mwenye mapenzi kama linavyompima mwenye njaa, kwa sababu Matuko wangu wa kwanza, yule msafi wa koti safi, angeweza kuwa mhubiri yeyote.

Kwa wenzangu wanachama nina pendekezo moja, nalo ni la kawaida tu. Vikundi vya maigizo vitaendelea kuzunguka shuleni, na vitabu teule vitaendelea kubadilika. Mara nyingi watu wa vikundi hivyo hupata kitabu kipya wiki chache kabla ya kupanda jukwaani, na hakuna anayekaa nao kukisoma. Sisi tunaosomea fasihi tunakaa vyumbani tukiandika tahakiki zinazowacheka. Tuwafuate. Tukae nao kwenye mazoezi, tuulize mhusika fulani anadai nini, nao watufundishe namna ya kuufanya ukumbi wa watoto mia tatu usisinzie wakati mvua inapopiga mabati. Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana. Yule kijana aliyekuwa akijifuta masizi alihitaji msomaji mmoja wa kumwambia kwamba kimya cha wanafunzi si lazima kiwe ishara ya kushindwa. Mimi nilikuwa hapo, nilikuwa nimekisoma kitabu, na badala ya kumwambia hivyo nilimwachia swali la lawama nikaenda zangu bwenini.

Kogo bado yu hai. Nilipomsimulia habari za viti sita vya plastiki alicheka hadi akashika ubavu. Kisha akanyamaza, akauliza kama yule kijana aliyemwigiza Kugo aliyataja malipo. Nikamwambia aliyataja. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kibuyu chake.

Naomba kutoa hoja.